Nukta Chini ya Namba

Dar es Salaam,
21 Machi 1994

Mwalimu Mugenzi,

Shikamoo.

Nimesoma pendekezo lako la utafiti mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama yule mtoto wa darasa la tatu kule Karagwe uliyemrudishia daftari kwa sababu mistari yake haikunyooka. Mara ya pili nilisoma kama msimamizi wako wa shahada ya uzamili, na hapo ndipo nilipochukua kalamu nyekundu. Unisamehe. Ni ajabu kumsahihisha mtu aliyekufundisha kusahihisha.

Mada ni nzuri: kwa nini watoto wa darasa la nne wanashindwa kugawanya kwa njia ndefu, na mwalimu wa darasani afanye nini. Lakini umeandika kurasa nyingi juu ya watoto na nusu ukurasa juu ya mwalimu. Shahada yenyewe inaitwa Mitaala na Ufundishaji. Nataka kumwona mwalimu akifanya kazi, akikosea, akijirekebisha. Kumbuka pia sharti: jaribio la kwanza wapewe watoto ambao hujawafundisha. Ukiwafundisha kabla ya kuwapima, utakuwa unajipima mwenyewe.

Lete sura ya kwanza mwisho wa Aprili. Wenzako ulioanza nao wameshaleta, na wote ungeweza kuwazaa. Usiwape la kusema.

Msalimie dada yako wa Kigali ukimwandikia. Bado anakucheka kwamba unasoma na mvi?

Dkt. Winifred Rwegasira
Msimamizi

* * *

Nyamirambo, Kigali,
25 Septemba 1994

Msimamizi wangu, mwanangu Winifred,

Marahaba. Sura ya kwanza haikuja mwisho wa Aprili, wala miezi iliyofuata. Sababu unaijua, kama anavyoijua kila mwenye redio. Sitaieleza hapa.

Niko Kigali. Mwezi wa nane nilivuka Akagera kwenye lori la mahindi, mto ule ule niliouvuka mwaka 1961 nikielekea upande wa pili. Nilidhani nitasikia kitu moyoni. Nilichosikia ni dereva akilalamika juu ya breki.

Shule za msingi zimefunguliwa. Nimepewa darasa la nne hapa Nyamirambo, mtaa wa misikiti na mafundi cherehani, ambako Kiswahili changu hakimshangazi mtu, ila wanasema naongea kama msoma taarifa ya habari. Madirisha hayana vioo, na madawati hayatoshi. Wengine wanakalia matofali. Watoto wametoka kila upande. Nikiuliza swali, waliotoka Kampala wananyoosha mkono na kungoja. Wa Bukavu wanadatisha vidole na kusema, "Mimi, mwalimu, mimi." Wa kwetu Kagera wanajibu wote kwa pamoja kabla sijamaliza kuuliza. Waliokuwa hapahapa wanatazama meza.

Watoto hawa sijawafundisha kugawanya. Naomba ruhusa ya kuhamishia utafiti huku. Najua nimeondoka kwenye kituo changu bila kuaga, na najua kanuni. Lakini kwa umri wangu, nikifutwa safari hii sitaandikishwa tena. Naitaka shahada hii, Winifred. Walimu waliobaki huku ni wachache, na watakaokuja kujaza nafasi wengi hawajawahi kushika chaki. Atakayewafundisha hao lazima awe amesomea namna ya kufundisha, si kuizoea tu kama mimi.

Habari za watu wangu nitaandika siku nyingine.

Y. Mugenzi

* * *

Dar es Salaam,
9 Oktoba 1994

Shikamoo Mwalimu,

Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa kwanza kwenye ngazi za ofisi, wanafunzi wakinipita. Tulikuwa hatujui kama upo.

Nimezungumza na bodi ya uzamili. Wamekubali kusubiri, hawajakubali zaidi ya hapo. Wanataka matokeo ya jaribio la kwanza kabla ya kikao cha Novemba, pamoja na karatasi za watoto wenyewe. Wakiridhika, utaendelea. Wasiporidhika, jina lako linaondolewa. Mengine yaliyosemwa kikaoni hayakuhusu.

Karatasi ziwe na namba, zisiwe na majina. Usimfundishe yeyote kugawanya mpaka jaribio lipite. Narudia kwa sababu nakufahamu: ukimwona mtoto amekwama, mkono wako unatangulia.

Hukusema habari za dada yako. Hili sikuulizi kama msimamizi.

Winifred

* * *

Nyamirambo, Kigali,
20 Oktoba 1994

Msimamizi wangu,

Karatasi zote hizi hapa, kwa namba kama ulivyoagiza. Anazileta mfanyabiashara anayekuja Dar kuchukua vitenge, mtu mwaminifu ingawa anaongea sana.

Matokeo ni mazito lakini yanaeleweka. Waliosoma Kampala na Kagera wengi wamefaulu. Waliosoma hapa, Bukavu na Bujumbura karibu wote nimewapa sifuri. Tazama swali la tatu, 1512 kugawanya kwa 36. Sisi tunaiweka 36 kushoto na jibu tunaliandika juu. Wao juu hawakuandika kitu. 36 wameipeleka kulia, wakaandika vijinamba vya hapa na pale, wakaacha njiani. Nadhani shule zao zilivurugika mapema kuliko tulivyodhani. Nimeamua kuanza nao upya, kana kwamba hawajawahi kugawanya.

Mwalimu wa darasa la tano hakubaliani nami. Anaitwa Pudentienne, amelelewa Bujumbura, mwanamke hodari mwenye sauti inayofika barabarani. Anadai wasiojua kitu ni watoto wangu wa Kampala. Juzi katika chumba cha walimu alisimama akasema mimi natundika jibu darini kama nguo za kuanika. Nikamjibu kwamba yeye analificha uvunguni kama mtu asiyetaka lionekane. Wenzetu walicheka. Sisi wawili hatukucheka, na tangu siku hiyo ananisalimu kwa kichwa tu.

Kwa swali lako la mwisho, mvumilie mzee.

Y. Mugenzi

* * *

Dar es Salaam,
2 Novemba 1994

Ndugu Mugenzi,

Nina mambo mawili, na yote nayaandika kama msimamizi.

Kwanza. Ulitufundisha kwamba jibu la kugawanya haliaminiki mpaka ulizidishe na lirudi lilikotoka. Nilikaa na karatasi za wale uliowapa sifuri nikafanya hivyo. Katika swali la tatu, kulia, chini ya 36 pana mstari mfupi, na chini ya mstari pana 42. Zidisha 42 kwa 36. Ni 1512. Nimechukua karatasi ya pili, na ya tatu, nikaendelea hadi usingizi ukaniishia. Watoto hawa hawakuacha njiani, Mwalimu. Walifika. Wewe ulikuwa unawasubiri kwenye kituo kingine.

Pili, na hili ni zito zaidi. Mtoto namba kumi na moja ameweka nukta ndogo chini ya kila tarakimu aliyoishusha. Nimekagua shule za mikoa mingi na sijaiona nukta hiyo popote isipokuwa kwenye madaftari yetu ya Karagwe. Ulituambia uliibuni mwenyewe ulipokuwa mtoto, kwa sababu ulikuwa ukishusha tarakimu moja mara mbili na kuchapwa. Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi: ulimfundisha mtoto huyu kabla ya jaribio?

Kama ulimfundisha, jaribio limeharibika, na nitalazimika kuwaambia bodi. Nilikudhamini mbele yao. Usiniache nilisikie jambo hili kwa mtu mwingine.

Dkt. W. Rwegasira
Msimamizi

* * *

Nyamirambo, Kigali,
11 Novemba 1994

Winifred, mwanangu,

Sikumfundisha. Nilimfundisha mama yake.

Namba kumi na moja anaitwa Mukunde. Ni mtoto wa dada yangu Mukandekezi, yule uliyekuwa ukimtumia salamu. Nilikuja Kigali kumtafuta dada yangu. Darasa lilifuata baadaye. Hilo nilikuficha. Nilimkuta mtoto. Alikuwa kwa Bi Mwamini, mke wa fundi cherehani hapa mtaani, ambaye alimficha nyuma ya marobota ya vitambaa na kuwaambia waliokuja kuuliza kwamba humo ndani hamna mtoto wa mtu. Dada yangu hayupo. Nilikuwa sijaiandika sentensi hiyo. Sasa nimeiandika.

Nilikuficha pia kwamba ndugu yangu yumo darasani, kwa sababu najua ndugu wa mtafiti haingizwi kwenye utafiti. Lakini darasa la nne hapa ni moja. Mukunde haongei shuleni, anaandika tu. Sikuweza kumwambia akae pembeni atazame wenzake wakifanya jambo pekee ambalo bado alikubali kulifanya.

Sasa nukta. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo kutoka chuo cha ualimu, naye dada yangu alikuwa na kimo cha Mukunde wa leo. Nilimfundisha kugawanya kwa mkaa, kwenye mlango wa jiko la mama, kwa namna ya Kibelgiji niliyofundishwa mimi: 36 kulia, mstari, jibu chini yake. Mpangilio ulikuwa wa shule. Nukta ilikuwa yangu. Mama alitugombeza kwa kuchafua mlango, na dada yangu akasema mlango umesoma kuliko mama.

Nilipofika Karagwe, mwalimu mkuu aliniambia mambo ya Wabelgiji niyaache mtoni. Nikajizoeza kuliweka jibu juu, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nilijitahidi kuisahau namna ya kwanza, nami nikafaulu kuliko nilivyokusudia. Mwezi uliopita imekuja mbele yangu karatasi kwa karatasi, namna ile ile ya mlango wa jiko la mama, nami nikaiita kuacha njiani. Wewe ulizidisha. Mimi nilitazama juu, nikaona patupu, nikaandika sifuri. Na mmoja wa niliowapa sifuri ni Mukunde.

Baada ya kuisoma barua yako nilikwenda darasa la tano, nikasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwambia Pudentienne kwamba watoto wake wa Bujumbura walikuwa sahihi, na wangu wa Kampala pia, na kwamba naomba anifundishe upya namna niliyozaliwa nayo. Alinitazama kama anayepima kitambaa. Kisha akasema, "Ingia, Mzee. Lakini keti mbele, na usinisahihishe."

Sasa tunafundisha madarasa mawili pamoja. Kila mtoto anagawanya kwa namna aliyokuja nayo. Akimaliza, anampa karatasi mwenzake wa namna nyingine, na huyo mwenzake hana ruhusa ya kusema kosa wala sahihi mpaka azidishe. Hakuna anayeambiwa aache kitu mtoni. Jana mtoto wa Kampala na wa Bujumbura waligombana sana juu ya hesabu moja, wakazidisha wote wawili, wakakuta ni jibu moja, wakaona haya, wakaenda kucheza. Ulitaka kumwona mwalimu akikosea na akijirekebisha. Ni sura ya tatu, nimeanza kuiandika.

Waambie bodi yote haya. Mukunde mtoe kwenye hesabu. Ila naomba karatasi yake inirudie. Ile sifuri niliiandika kwa mkono wangu.

Mugenzi

* * *

Dar es Salaam,
22 Novemba 1994

Shikamoo Mwalimu,

Pole. Nimeliandika neno hili mara nyingi leo na kila mara naliona dogo. Pole kwa Mukandekezi. Nilimpenda kwa barua zako tu.

Unisamehe pia kwa "Ndugu Mugenzi".

Niliwasomea bodi barua yako, isipokuwa sehemu ambazo si zao. Namba kumi na moja imetolewa kwenye hesabu, matokeo hayabadiliki. Mjumbe mmoja aliuliza kama mtu aliyewapa watoto sifuri kwa majibu sahihi anastahili shahada ya ufundishaji. Nikamjibu kwamba wanafunzi wetu wote huniletea makosa ya walimu wengine, na huyu ndiye wa kwanza kuniletea la kwake akaliita sura ya tatu. Mwenyekiti akacheka, na mambo yakapita.

Na mimi nilikuficha jambo. Ulipoandika mwezi Septemba, jina lako lilikuwa limeshafutwa. Walilirudisha kwa sababu niliwaambia kwamba likifutwa la mwalimu wangu, langu nalo litoke kwenye usimamizi. Sikutaka uandike tasnifu huku ukiwa umebeba hilo.

Kazi ya mwisho ni mtahini wa nje. Dkt. Nkusi wa Kampala atakuja kuisoma rasimu ya tasnifu yako na kulitazama somo lako tarehe 6 Desemba. Ni Mnyarwanda aliyezaliwa kambini Uganda, amesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na ni mkali. Jibu lililoandikwa chini hajawahi kuliona. Uamuzi wake ndio uamuzi.

Karatasi haiwezi kutoka hapa kabla ya matokeo. Ni kanuni.

Winifred

* * *

Nyamirambo, Kigali,
7 Desemba 1994

Mwanangu Winifred,

Dkt. Nkusi alikuja. Suti ya kijivu, viatu vilivyong'aa licha ya tope letu. Tulimpa kiti, akakikataa, akakalia matofali nyuma pamoja na watoto wa Bukavu, ambao kwa heshima yake waliacha kudatisha vidole.

Pudentienne alishika upande wa kulia wa ubao, mimi wa kushoto. Tuliandika hesabu moja katikati na kila mmoja akaigawanya kwa namna yake, bila kusema neno, watoto wakitazama chaki zikishindana. Alimaliza kabla yangu, na alihakikisha kila mtu ameona. Kisha tukawapa watoto zao.

Mtahini alitaka kujaribu. Tulimpa karatasi kama wengine. Alipomaliza ilibidi abadilishane na jirani, na katika safu ile, asiyekuwa na mwenzake alikuwa Mukunde. Sikumpanga, Winifred. Ningekuwa na uwezo, ningempanga mtoto mwingine yeyote.

Alimpa karatasi yake, akapokea ya mtoto. Nilimwona anavyotazama. Macho yalikwenda juu ya mstari moja kwa moja, kama yangu, na juu hapakuwa na kitu. Alikunja uso. Akatoa kalamu mfukoni. Mguu wangu ulisogea, na Pudentienne akanishika mkono wa koti.

Mukunde akasema, kwa Kiswahili cha nyumbani kwa Bi Mwamini, "Zidisha kwanza, Mzee. Ikirudi, tumepatana."

Alikuwa hajawahi kusema kitu ndani ya darasa lile. Watoto waligeuka wote. Dkt. Nkusi alimtazama, akatazama kalamu yake, kisha akazidisha, taratibu, akisogeza midomo kama wa darasa la pili. Alipofika mwisho aliinua kichwa. Wale wa Kagera, ambao hawawezi kusubiri, wakamwitikia kwa pamoja kabla hajafungua kinywa: "Imerudi." Darasa zima likacheka, na yeye akacheka zaidi ya wote.

Nilipomsindikiza hadi barabarani aliniuliza kama yule binti ndiye namba kumi na moja. Nikasema ndiye. Akasema, "Kwenye tasnifu hayumo." Nikasema hayumo, ametolewa kwa mujibu wa kanuni. Akafungua mlango wa gari. "Yumo kila ukurasa," akasema, akaondoka bila kuniambia zaidi.

Kwa hiyo sijui kama nimefaulu. Lakini mtoto ameongea.

Mugenzi

* * *

Dar es Salaam,
18 Desemba 1994

Mwalimu,

Shikamoo. Umefaulu. Mtahini amependekeza daraja la kwanza, na bodi imepitisha bila mjadala. Yule mjumbe wa swali lile ameomba nakala ya sura ya tatu kwa ajili ya wanafunzi wake.

Ndani ya bahasha kuna karatasi namba kumi na moja. Sijaigusa kwa kalamu yoyote.

Usimamizi wangu umekwisha leo, kwa hiyo narudi kwenye sahihi yangu ya zamani.

Mwanafunzi wako,
Winifred

* * *

Nyamirambo, Kigali,
31 Desemba 1994

Mwanafunzi wangu,

Marahaba, na safari hii naipokea kwa mikono miwili.

Barua yako niliisoma chumba cha walimu, kwa sauti, kwa kuwa Pudentienne hakuniacha niisome kimya. Sasa ananiita "Daraja la Kwanza" mbele ya watoto. Bi Mwamini alipika pilau, na mumewe amenishonea koti, akisema msomi hawezi kutembea na koti lenye chaki kiwikoni. Wakubwa wa wizara ya elimu kule Kacyiru wameniita na kuuliza kama naweza kuwafundisha walimu wapya wa jiji kila Jumamosi kuanzia Januari, kila mmoja na namna aliyokuja nayo. Nimekubali. Pudentienne naye amekubali, kwa sharti kwamba upande wa kulia wa ubao ni wake daima.

Sasa la mwisho. Niliiweka karatasi mezani kwa Bi Mwamini, nikamwita Mukunde, nikachukua kalamu nyekundu. Nikamuuliza nani alimwonyesha nukta. Akasema mama. Nikamuuliza mama alisemaje.

Nyumbani siku hizi ananiita marume, ndiyo mjomba kwa Kinyarwanda. Akasema, "Alisema nukta ni ya marume wa ng'ambo ya mto. Alisema nisiache hata moja, maana siku akirudi ataikagua."

Nimeikagua, Winifred. Nimezidisha kila swali, naye amesimama begani kwangu akihesabu pamoja nami. Zote zimerudi. Sifuri nimeifuta, nikaweka alama ya vyema penye kila jibu, chini, kulia, mahali lilipokuwa siku zote. Nukta nazo nimezipitia moja moja. Hakuna iliyokosekana.

Mwalimu Mugenzi